Kahawa ya mwenye kuhama: wakaangaji wa Kivu waulize mfuko umetoka shamba la nani

Kwenye nyumba za kahawa za Goma na Bukavu, mteja akikaa mezani anaulizwa maswali mawili: na maziwa ao bila maziwa, na sukari ao bila sukari. Swali la tatu haliulizwi. Kahawa hii ilichumwa katika shamba la nani, na mwenye shamba yuko wapi leo?

Swali hilo halikuja kuharibia mtu ladha ya kikombe. Ni swali la maelfu ya familia zilizoacha miti yao ya kahawa Masisi, Kalehe na kwengineko, zikakimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Mihogo unaweza kung'oa mapema ukaondoka nayo, hata mbuzi unaweza kumvuta kwa kamba. Mti wa kahawa haukimbii. Unabaki kilimani, unatoa maua, matunda yanakuwa mekundu, na msimu ukifika mtu mwengine anayachuma.

Ndiyo sababu wakati umefika wakaangaji wadogo na wenye nyumba za kahawa wa Kivu wakubaliane jambo moja: kila mfuko unaoingia kwao ujulikane umetoka kijiji gani na shamba la nani, na kama mwenyewe amehama, sehemu yake imfikie pale alipo.

Mtu anaweza kusema mzigo huo ni wa serikali, ni wa wakubwa, si wa kijana mwenye mashine moja ya kukaanga na meza tano. Lakini angalia kwanza jinsi kahawa inavyotembea.

Mkulima anachuma matunda mekundu. Yanapelekwa kwenye kituo cha kuosha ao yanamenywa nyumbani kwa mashine ya mkono. Yanachachishwa, yanaoshwa, yanaanikwa juu ya meza za kukaushia mpaka ibaki kahawa yenye ganda, ile inayoitwa parche. Baadaye ganda linatolewa, wamama wanakaa chini na kuchagua mbegu moja moja. Kwa kawaida, matunda kilo 6 hivi yanatoa kilo 1 tu ya kahawa ambayo haijakaangwa. Sehemu kubwa inauzwa inje ya inchi ikiwa hivyo hivyo mbichi. Huko inje ndiko inakaangwa, inatiwa katika pakiti nzuri yenye picha ya Ziwa Kivu, na huko ndiko faida kubwa inabaki.

Wakaangaji wa Kivu ni wale waliokataa habari hiyo. Ni vijana na wamama walionunua mashine ndogo, wengine walianzia kwenye sufuria na makala, wakasema kahawa ya hapa inyweke hapa. Wamefanya kazi hiyo umeme ukikatika, barieri zikiongezeka, na maduka yakijaa kahawa ya unga inayotoka mbali. Wanastahili heshima. Na kwa sababu si wengi, wanafahamiana: anayekosa mifuko anaazima kwa mwenzake, anayepata fundi wa mashine anamtuma kwa mwengine. Wakubwa wanaojaza kontena wananunua kahawa iliyochanganywa kutoka vijiji vingi, na ni vigumu kwao kujua kila mfuko. Lakini mkaangaji anayenunua mifuko kumi anaweza kujua kila mmoja ulitoka wapi. Udogo wake ndio nguvu yake.

Kivu inajua pia kahawa isiyo na mwenyewe inafanya nini. Katika miaka ya vita iliyopita, koperative zilikuwa zimekufa na barabara zimeoza. Wakulima wa kando ya ziwa walipakia kahawa kwenye mitumbwi usiku, wakavuka kwenda Rwanda kuibadilisha na sabuni, chumvi ao nguo. Wengi walizama. Minova, Idjwi na Kalehe wako wajane ambao mabwana zao walikufa majini kwa ajili ya mfuko mmoja wa kahawa. Hakuna aliyekunywa kahawa ile mbali akajua kwamba ilikuwa na mwenyewe.

Mambo yalianza kubadilika watu walipoandika majina. Koperative SOPACDI ilianzishwa Minova mwaka wa 2003, zengine zikafuata, kama Muungano kule Kalehe. Vituo vya kuoshea kahawa vilijengwa, wanachama wakaandikwa katika daftari, kila mmoja na kijiji chake, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakakubali kulipa zaidi kwa sababu walijua kahawa inatoka kwa nani. Mashindano ya Saveur du Kivu yakawakutanisha wakulima, waonjaji na wanunuzi. Ladha ya kahawa ni ya udongo wa volkano na milima mirefu, ilikuwepo tangu zamani. Kilichoongezwa ni kazi safi na daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kisha vita ikarudi kwa nguvu. Mwezi wa Januari 2025 mapigano yalifika Minova, mwisho wa mwezi M23 ikaingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Makambi ya wahami pembeni ya Goma yalivunjwa. Benki zikafungwa. Familia zengine zilirudi vijijini, zengine ziko bado kwa ndugu na kwa watu wema waliozipokea. Siku hizo hizo, bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilipanda kupita dola 4 kwa libra moja, ni kusema karibu dola 9 kwa kilo, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Kahawa ilipata bei kubwa kabisa wakati wenyewe wengi hawakuwa shambani.

Mfano ni huu. Mama mwenye miti 300 amekimbia na watoto, bwana yake hayupo. Analala kwa shangazi yake Bukavu, anabeba mizigo sokoni ili apate unga. Kule kijijini jirani aliyebaki anachuma kahawa ya mama huyo, anaiuza kwa mchuuzi, mchuuzi anaileta mjini. Siku moja mama anapita na mzigo mgongoni mbele ya nyumba ya kahawa, ananusa harufu. Pengine ni kahawa yake. Hana njia ya kujua, na aliye ndani na kikombe mkononi hana njia pia.

Sheria haikusahau jambo hilo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wahami wa ndani zinasema mali waliyoacha nyuma ilindwe isiharibiwe wala kunyang'anywa. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa 2009 unasema vile vile. Lakini mkulima wa Kivu mara nyingi hana karatasi ya shamba. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema udongo ni wa Serikali, ikaacha mashamba ya desturi yangojee amri ya Rais ambayo haikutoka. Basi shamba la babu linajulikana kwa majirani na kwa chifu, na chifu naye akihama, ushahidi umehama pamoja naye. Kwa mama yule, daftari ya koperative iliyoandika kwamba ameleta kilo fulani za matunda msimu fulani inaweza kuwa karatasi pekee inayoonyesha kwamba miti ile ni yake. Mkaangaji anayeuliza jina la mwenye shamba anasaidia jina hilo lisifutike.

Wako wanaopinga, na hoja zao si za kudharau.

Wa kwanza watasema: tukikataa kahawa ya mashamba yaliyoachwa, itaoza. Ni kweli, na kuikataa si dawa. Matunda yasiyochumwa yanabaki kuwa nyumba ya wadudu wanaotoboa mbegu, na msimu unaofuata wadudu hao wanahamia kwa jirani. Tena jirani aliyechuma si mwizi kila mara. Alibaki, ana njaa, amepalilia, pengine ameokoa miti isikatwe kuwa makala. Mtu huyo naye ana haki ya jasho lake. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kugawanya. Watu wa Kivu wanajua kugawanya mavuno kati ya mwenye shamba na aliyelima; si jambo jipya la kufundishwa na wageni. Koperative na wazee wa kijiji wanaweza kukubaliana sehemu ya aliyechuma na sehemu ya mwenyewe, na mkaangaji akalipa kufuatana na makubaliano hayo.

Wa pili watauliza pesa zitamfikia vipi, benki zikifungwa. Simu ipo. Familia nyingi zilizohama zinapokea msaada wa ndugu kwa simu. Koperative yenye orodha ya wanachama wake inaweza kupata namba ya aliyehama kwa kupitia kaka yake, kanisa lake ao jirani yake. Asipopatikana, sehemu yake iandikwe na ingojee.

Wa tatu wana hoja nzito kuliko zote: katika vita, orodha ya majina ni hatari. Kuandika nani yuko, nani amehama na amekwenda wapi kunaweza kumletea mtu matata. Hapo lazima akili itumike. Daftari yenye majina ibaki mikononi mwa koperative, watu wawili ao watatu wanaoaminika waijue. Mkaangaji apewe alama tu: mfuko huu ni wa kijiji fulani, mwenyewe anajulikana, sehemu yake imelipwa. Mteja hahitaji jina la mama yule. Anahitaji kujua kwamba hakunyang'anywa. Na mkaangaji asijifanye hakimu wa vita. Kazi yake ni kulipa mali kwa mwenye mali.

Wa nne watasema kahawa itakuwa ghali. Hesabu ifanywe. Kilo moja ya kahawa mbichi ikikaangwa inapungua, inabaki gramu 800 na kitu. Hizo zinatoa vikombe 60 hivi, hata kama mpishi anatia kahawa nyingi. Nyumba ya kahawa ikiuza kikombe kwa dola 1 tu, kilo hiyo imeingiza dola 60. Ni kweli kuna kodi ya nyumba, umeme, sukari, mishahara na barieri, na faida si kubwa kama inavyoonekana. Lakini dola moja zaidi kwa kila kilo, iwe ya mwenye shamba aliyehama, ni bei ya kikombe kimoja kati ya 60. Nyumba itakayoanguka kwa sababu ya kikombe kimoja ilikuwa imekwisha kuanguka.

Kuna pia kazi. Kahawa ya eneo la Maziwa Makuu ina ugonjwa wake: mbegu inayoleta harufu ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu anayetoboa tunda. Mbegu moja inatosha kuharibu kikombe chote. Kuipunguza kunataka macho na vidole: kuchagua matunda, kuchagua parche, kuchagua tena mbegu. Ni nani Kivu anayejua kazi hiyo kuliko wamama waliohama kutoka vijiji vya kahawa? Wengi wao leo wanabeba mizigo sokoni kwa malipo ya siku. Mkaangaji anayelalamika kwamba mifuko yake ina harufu ya kiazi, na mama anayetafuta kazi, wanaishi pengine mtaa mmoja. Kumwajiri si kumpa sadaka, maana fundi ni yeye.

Wateja wana sehemu yao. Wafanyakazi wa mashirika, walimu, wachuuzi, vijana wanaokutana kuzungumza, wote wanaweza kuuliza swali la tatu kwa upole: kahawa hii ni ya wapi, na mwenyewe amelipwa? Likiulizwa mara moja litachekesha. Likiulizwa kila asubuhi, mwenye nyumba atataka kuwa na jibu, na atamuuliza anayemletea mifuko.

Kwa familia zilizohama, neno moja pia. Mwenye miti asinyamaze. Apashe koperative yake habari kwamba yuko hai na miti ni yake, aseme ni nani amemwachia kuichunga, watoto wakubwa wajue mpaka wa shamba na majina ya majirani wa pande zote. Aliyekuwa na kikaratasi cha mapokezi ya kahawa akitunze pamoja na kadi ya uchaguzi. Amani ikirudi, watakaogombana juu ya mashamba watakuwa wengi, na atakayeonyesha karatasi hata ndogo atasikilizwa mbele ya mwenye maneno matupu.

Mti wa kahawa unangoja miaka mitatu ao mine kabla ya kuzaa. Mtu anayeupanda anaamini kwamba atakuwa pale. Wengi waliamini hivyo wakati koperative zilipowaambia wapande tena, wakapanda, na vita ikawaondoa. Wakaangaji wa Kivu hawawezi kuwarudisha nyumbani. Wanaweza kufanya kwamba kila msimu kahawa yao ikichumwa, simu yao ilie. Wakutane, hata watano tu, Goma ao Bukavu, waite koperative wanazonunulia, waanze na mifuko ya msimu unaokuja.