Mkeka wa Mama na Mwendo wa Msafara

Mama mmoja wa Tabora mjini ametuletea swali lililotukalisha kitako. Binti yake, mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, alimtumia kwenye simu mazoezi ya yoga ya kumsaidia presha na maumivu ya mgongo. Mama akaanza kuyafanya baada ya swala ya alfajiri. Siku moja mumewe alimkuta mkekani, amefumba macho, na simu inatamka maneno ya lugha asiyoijua. Tangu hapo nyumba imeingia baridi. Baba anasema hiyo ni ibada ya Wahindu. Mama anasema ni viungo tu vinanyooshwa.

Kwa maoni yetu, kila mmoja ameshika upande wa ukweli. Yoga ilizaliwa ndani ya falsafa na ibada za Bara Hindi, na hakuna haja ya kulificha hilo. Wanazuoni wetu walilijua zamani: katika karne ya 11 Al-Biruni alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali, apate kuelewa wenzake wanaamini nini. Alisoma pasipo kuhama. Karibu na zama zetu, mwaka 2008, baraza la fatwa la Malaysia liliharamisha yoga kwa kuona kuwa mkao, ibada na matamko vimefungamana ndani yake. Mwaka uliofuata maulamaa wa Indonesia walikataza ile yenye matamko na ibada za Kihindu, wakayaacha mazoezi ya mwili peke yake.

Sayansi nayo ina neno. Mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka matamko ya yoga. Kwa yote mawili pumzi ilishuka hadi takriban 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda kwa mpangilio mzuri zaidi. Waliopimwa walikuwa 23 tu, basi tusiyapandishe matokeo hayo mimbari. Lakini yanaonyesha kwamba mwili hunufaika na pumzi ya taratibu, ulimi useme nini. Muumini ndiye anayepaswa kuuliza ulimi unasema nini.

Na utulivu huu si mgeni Tabora. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi, kirangozi akitangulia. Waliondoka alfajiri na aghalabu walitua kabla jua la adhuhuri halijawa kali. Hakuna aliyewafundisha kuhesabu pumzi. Mzigo uliwafundisha. Kwa njia hiyo hiyo Uislamu uliingia bara, na baadaye twarika ya Qadiriyya na dhikri yake, ambamo pumzi na jina la Mola huenda pamoja.

Kinachotuuma zaidi ni swala zetu wenyewe. Mtume (s.a.w.) alimrudisha mtu mara tatu akaswali upya, kwa kuwa alifanya haraka, kisha akamfundisha atulie katika rukuu, katika itidali na katika sijda. Mafakihi wetu wa Kishafii wameuhesabu utulivu huo, tumaanina, kuwa hauachiki. Nasi tunaoandika haya tumewahi kutoa salamu ya isha tusikumbuke tulisoma sura gani.

Basi tulimwambia mama anyooshe mgongo wake, aizime sauti ya simu, na asiache vidonge alivyoandikiwa na daktari. Baba tulimuuliza rukuu yake huchukua muda gani asubuhi anapowahi dukani. Alicheka, kisha akanyamaza.

Juzi mama ametuarifu kwamba mumewe sasa hukaa mkekani kidogo baada ya alfajiri, akivuta tasbihi polepole kando yake. Simu, hata hivyo, bado hataki kuiona.