Usiseme "Nimesikia", Taja Herufi

Leo tuache habari za simu na kompyuta kidogo, tutazame angani. Kuna utaratibu mmoja wa marubani ambao sisi waandishi wa programu tungefaa kuuiga.

Viwanja vikubwa vya ndege huwa na tangazo la redio linalorudiwa bila kukoma, liitwalo ATIS. Humo rubani anapata hali ya upepo, mawingu, umbali wa kuona, njia inayotumika kutua, na QNH. QNH ni kipimo cha mgandamizo wa hewa ambacho rubani anaweka kwenye altimeta ili imwonyeshe kimo chake kutoka usawa wa bahari. Kila toleo la tangazo lina herufi: Alfa, Bravo, na kuendelea hadi Zulu, kisha Alfa tena. Kwa kawaida hubadilishwa kila saa, au mapema zaidi hali ikigeuka.

Rubani husikiliza tangazo kwanza. Anapowaita waongozaji wa ndege zinazokaribia uwanja kwa mara ya kwanza, anajitambulisha, anasema yuko kimo gani, halafu anataja herufi: "Nina taarifa Kilo." Basi. Kama Kilo bado ndiyo ya sasa, mwongozaji hana haja ya kumsomea yote. Kama Lima imeshatoka, anampa yaliyobadilika.

Watu wa wavuti mtakuwa mmeshatambua kitu hapa. Kivinjari nacho huiambia seva, "Nina nakala yenye alama hii," na seva hujibu 304, yaani haijabadilika, au hutuma mpya.

Wapo wanaoona kutaja herufi ni adabu tu. Marekani baadhi ya marubani husema "nina namba" na kuendelea. Mwongozo wa FAA kwa marubani unakataza kutumia maneno hayo kumaanisha umesikia ATIS. Maana yake ni kwamba unajua upepo, njia ya kutua na kipimo cha altimeta tu. Mimi naunga mkono katazo hilo. "Nimesikia" haliwezi kukaguliwa. Ulisikia lini? Toleo gani? Herufi moja inajibu yote mawili.

Lakini herufi si hirizi. Tarehe 23 Mei 2022, Airbus A320 kutoka Stockholm ilikuwa ikikaribia uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. QNH ilikuwa 1001, lakini mwongozaji akatamka 1011, na marubani wakairudia vivyo hivyo. Hektopaskali 10 ni kama futi 280. Altimeta ikawaonyesha wako juu kuliko ukweli, na katika mawingu na mvua ndege ikashuka hadi futi 6 tu kutoka ardhini, kabla ya kufika kwenye njia ya kutua. Ilikuwa na watu 178. Marubani hawakuona njia, wakapaa tena bila kujua walikuwa wamekaribia ardhi kiasi gani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: faida kubwa ya herufi si kuokoa muda wa redio. Inakupa nakala ya pili ya kulinganisha. Sauti ikikupa namba isiyofanana na ile uliyoandika chini ya Kilo, lazima uulize hapo hapo: je, Lima imetoka, au mmoja wetu amekosea? Asiyeandika, au anayetaja herufi kama kasuku, hana cha kulinganisha.

Sasa tazama programu zetu. Tunamwekea mtumiaji kisanduku cha "nimesoma na nimekubali", lakini hatuhifadhi alisoma toleo lipi. Ofisi zinatuma ratiba mpya, watu wanajibu "sawa", na nusu yao wanaangalia ya juzi. Weka alama kwenye kila toleo, na umtake mtu aitaje anapojibu. Ni kazi ya dakika chache, na siku mambo yakigongana utajua pa kuanzia kuuliza.