i7 ya Jina Tu

Jamani, mpaka lini tutauziwa vibandiko? Pita Luthuli Avenue hapa Nairobi ukiulizia laptopu ya bei ya kati, ya kazi za kila siku na gemu kidogo jioni. Jibu la kwanza: "Chukua hii bosi, ni i7." i7 ya mwaka gani? Hapo muuzaji anaanza kukusifia rangi.

Mimi programu ndizo zinazonilisha, na nasema wazi: hiyo 7 peke yake haikuambii kitu. i7-4600U ya 2013 ina viini 2 tu. i5-8250U ya 2017 ina viini 4. Sasa mkubwa nani? Tazama tarakimu baada ya kistari: 4 ni kizazi cha nne, 8 ni cha nane. Tena Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache za cha saba, na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Yaani unanunua yatima kwa bei ya bwana harusi.

Na gemu je? Laptopu isiyo na kadi yake ya michoro huazima RAM ya mashine. Kijiti kimoja cha GB 8 huibana. Viwili vya GB 4 huipa njia mbili.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, uhesabu viini na vijiti mwenyewe. Akikukataza kuiwasha, duka la pili liko mlango wa pili.