Wimbo Unaanza Lini?

Mwenzangu wa darasani alisikiliza kwa dakika mbili, akavua hedifoni zangu, akaniuliza, "Sasa wimbo unaanza lini?" Nilikuwa nimemwekea Black Origami, albamu ya pili ya Jlin, iliyotoka 2017. Nilicheka. Baadaye nikakasirika, kwa sababu swali hilo nilishaulizwa na mtu mwenye cheo kumzidi. Nilipowasilisha pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili kuhusu midundo ya ngoma, mmoja wa wakaguzi alitaka kujua muziki wenyewe uko wapi. Mdundo, alisema, ni fremu tu. Picha ni melodi.

Basi nijibu hapa nilichoshindwa kujibu pale, maana pale nilikuwa natetemeka.

Jlin anatoka Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma karibu na Chicago. Albamu ya kwanza, Dark Energy ya 2015, aliitengeneza akiwa bado mwajiriwa wa kiwanda. Msingi wake ni futiweki, muziki uliozaliwa Chicago kwa ajili ya wachezaji wanaoshindana kwa miguu, mapigo 160 hivi kwa dakika. Wengine huiita kazi yake tekno. Sitagombana na mtu kwa ajili ya lebo. Amesimulia kwamba mama yake, baada ya kusikia kazi iliyojengwa kwa vipande vya muziki wa wengine, alimuuliza yeye mwenyewe anasikikaje. Black Origami ni jibu refu la swali hilo, na limeandikwa karibu lote kwa ngoma.

Sikiliza kinachotokea. Ngoma kubwa inatua, unadhani umeshika hesabu, kisha ngoma ndogo zinaligawa pigo lile lile kwa tatu badala ya nne, na mguu wako unajikuta hewani. Pigo la kwanza liko palepale. Wewe ndiye uliyehama. Anayesema hapo hakuna fikra aketi na karatasi, ajaribu kuandika sekunde ishirini tu. Mimi nilijaribu, nilimaliza jioni nzima na kifutio.

Lakini wanaonikera zaidi ni wanaoisifu kwa njia mbovu. Hao husema ni muziki wa "asili", mdundo uliomo "damuni". Mwanamke amekaa usiku baada ya zamu ya kiwandani akipanga sauti moja moja kwenye kompyuta, halafu sifa inakwenda kwa damu! Mtunzi wa fuga huambiwa ana akili. Mpiga ngoma, na hasa akiwa Mweusi, huambiwa ana mababu. Mkaguzi wangu na mashabiki hawa wanadhani wanapingana, kumbe wote wamekubaliana kwamba pale hapakufanyika kazi ya kichwa.

Na sisi huku tusijifanye mashahidi tu. Katika albamu hiyo kuna kipande kinachoitwa "Nyakinyua Rise". Wakenya wanalijua jina hilo: wanawake wa Kikuyu waliokuwa wakiitwa kuimba na kucheza mbele ya viongozi, tangu enzi za Jomo Kenyatta. Tumewazoea kama mapambo ya hafla. Rais anashuka, wamama wanatingisha mabega, kamera inamfuata rais. Nilipomwambia rafiki yangu kuhusu kipande hicho alisema Mmarekani ametuibia jina. Inawezekana. Ila nitajie ni lini mara ya mwisho wewe ulilitumia bila kucheka. Mwaka huohuo wa 2017, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, singeli ya Dar es Salaam inayovuka mapigo 200 kwa dakika, na wasomi wengi niliowasikia walikuwa bado wanaiita kelele za uswahilini.

Albamu yenyewe si kamilifu. Inachosha ukiisikiliza yote kwa mpigo, na kuna sehemu ujanja unakaribia kuwa maonyesho tu. "Holy Child", alichofanya na William Basinski, kinafika kama dirisha lililofunguliwa, na nilitamani madirisha zaidi.

Cucu yangu alicheza na wamama hao ujanani, Murang'a. Likizo iliyopita nilimwekea "Nyakinyua Rise" kwenye simu, bila kumweleza chochote. Alisikiliza kimya huku vidole vikigonga ukingo wa kikombe, vikikosea, vikianza upya. Kilipokwisha alisema, "Huyu anapiga vizuri, lakini wachezaji watapumua wapi?"

Nikamwambia kwamba albamu hiyo ilichochewa na kazi ya Jlin na mchezaji dansi wa India, Avril Stormy Unger. Akafikiri kidogo, akasema basi huyo msichana ana mapafu. Kisha akaniamuru nirudishe mwanzo, na safari hii akaweka kikombe chini.