Kasi ya Mawasiliano ya Hospitali Ipimwe, Isiaminiwe kwa Mkataba Pekee

Hakuna muuguzi anayeandika shinikizo la damu la mgonjwa kwa kusoma maelezo ya kiwandani yaliyobandikwa kwenye mashine. Hufunga mkanda mkononi, hupima, kisha huandika alichokiona. Nidhamu hiyo hiyo inastahili kufuatwa kwa njia binafsi ya data ambayo hospitali huikodi ili kupeleka picha na taarifa za wagonjwa kwa mabingwa walio mbali. Mkataba unaweza kutaja megabiti 10 kwa sekunde. Ukweli hujulikana kwa kupima.

Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na vijiji vingi vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hutegemea boti. Mgonjwa wa huko anapofikishwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, huenda amekwisha kupoteza saa nyingi. Ni heri picha isafiri badala yake, lakini lazima ijulikane itafika baada ya muda gani.

Uchukuliwe mfano wa majeruhi wa kichwa. Kipande kimoja cha picha ya CT Scan chenye nukta 512 kwa 512 huwa na takribani nusu megabaiti. Vipande 400 hufikia megabaiti 200. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hizo ni megabiti 1,600. Njia inayotoa kweli megabiti 10 kwa sekunde huzipeleka kwa muda usiofika dakika 3. Ikiwa kasi halisi ni megabiti 1, zitahitaji karibu dakika 27. Damu inayovuja ndani ya fuvu haisubiri.

Kupima kasi ya intaneti kwa simu hakutoshi, kwani hapo hupimwa Wi-Fi na intaneti, si njia binafsi yenyewe. Kompyuta moja iunganishwe kwa waya kwenye ruta ya hospitali, nyingine iwe upande wa pili wa njia, kisha programu kama iPerf itume data kati yao. Pande zote mbili zipimwe, maana picha hutoka Kigoma kwenda nje. Kasi ya kupokea haiisaidii kufika. Kipimo cha usiku huonyesha uwezo wa njia ikiwa tupu. Cha saa nne asubuhi, kliniki zikiwa zimejaa, huonyesha kinachombakia mgonjwa. Kwa kuwa kipimo chenyewe huijaza njia, chumba cha picha kijulishwe mapema.

Panapotumika setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, data na jibu lake huchukua takribani nusu sekunde. Mkondo mmoja wa data hupoteza muda ukingoja jibu, hivyo kasi huonekana ndogo kuliko uwezo wa njia. Ipimwe kwa mikondo kadhaa kwa pamoja, kisha itumwe picha halisi iliyoondolewa jina la mgonjwa, kwa sababu huo ndio mzigo unaobebwa kila siku.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya mafundi wa TEHAMA. Kupima ni kazi yao, lakini matokeo ni ya wote. Daktari huyahitaji ili aamue kungoja majibu ya bingwa au kumsafirisha mgonjwa mapema. Mganga mfawidhi huyahitaji kabla ya kulipia kasi kubwa zaidi, ilhali huenda tatizo ni waya uliochakaa. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza picha yake itafika lini, na kujibiwa kwa dakika.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kasi ipimwe kila mwezi, iandikwe pamoja na tarehe na saa, na ibandikwe pale picha zinapotumwa.