Risala ya Wapima Maji na Mvua wa Kanda ya Ziwa kwa Mkurugenzi wa Utafiti

Ndugu Mkurugenzi,

Tulilokuja nalo ni moja: vipimo tunavyovitolea jasho vinahifadhiwa bila maelezo, kisha havimfai mtu yeyote.

Chukua jedwali la visima lililoachwa na mradi mmoja uliokwisha. Safu imeandikwa "nitrati, miligramu kwa lita", na chini yake kuna 10. Kama mpimaji alihesabu nitrati yenyewe, maji hayo ni salama, kwani kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50. Kama alihesabu naitrojeni iliyomo tu, kama maabara nyingi zinavyofanya, hiyo 10 ni sawa na nitrati 44, na kisima kinakaribia kuwa hatari kwa watoto wachanga. Mradi umefungwa, wataalamu wametawanyika. Tumwambie nini mama anayechota pale?

Mvua nayo ina yake. Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, na maji yaliyomo ni ya saa 24 zilizotangulia. Daftari likiandikwa "saa 3", karani huingiza 3:00 kwenye kompyuta, na usomaji wa asubuhi unageuka wa usiku wa manane. Takwimu zisipolingana na za satelaiti, anayelaumiwa ni msoma kipimo.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa pauni, nyingine ikazipokea kama niutoni.

Dawa ipo, na ni ya bure. Oktoba 2017, mashirika ya viwango ya W3C (ya wavuti) na OGC (ya taarifa za kijiografia) yalipitisha ontolojia ya SSN, yaani msamiati rasmi wa kueleza vihisi na vipimo, yenye kiini kiitwacho SOSA. Humo kila kipimo hufungamanishwa, kwa namna ambayo kompyuta inaelewa, na kitu kilichopimwa, sifa yake, chombo na utaratibu uliotumika. Muda wa tukio na muda wa jibu huandikwa mbalimbali, hivyo mvua ya jana haichanganywi na usomaji wa leo. Vizio navyo vipo tayari katika QUDT, ontolojia ya vizio vya vipimo.

Kwa hiyo tunadai mradi wowote usilipwe malipo ya mwisho kabla haujakabidhi takwimu zilizoelezwa hivyo. Tunadai ajira za kudumu za watunza takwimu, si vibarua wa miezi mitatu. Dhana zote zipewe lebo za Kiswahili, jambo ambalo ontolojia hizi zinaliruhusu, ili msoma kipimo wa kijijini ajue anachojaza.

Lililo la haraka kuliko yote ni madaftari ya zamani. Wazee walioyaandika wamestaafu, ila wengine wangali hai na wanakumbuka walitumia chombo gani na kizio gani. Wapewe nauli na posho, waje tukae nao ukurasa kwa ukurasa.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla bajeti haijafungwa mwezi Juni.