Kunguru humalizia kazi tunayoianza sisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya ndege wanaotaga mayai mchangani katika fukwe zetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha pwani, na naona jambo hili halizungumzwi vya kutosha.

Ndege hawa hawajengi juu ya miti. Hukwangua kishimo mchangani, juu kidogo ya mahali maji yanapofika yakijaa, wakataga mayai mawili au matatu yenye rangi ya mchanga. Yuko mdogo mmoja ambaye akishtuka huyafukia mayai kwa mchanga upesi kabla ya kukimbia. Akikawia kurudi, jua huyaharibu au kunguru huyaona.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Baadhi ya wananchi husema kunguru wauawe, basi, mambo yamekwisha. Lakini kunguru huyu hakuja mwenyewe. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka, na ameenea pwani kwa sababu takataka tunaendelea kumtupia. Na wanaomfukuza ndege juu ya mayai yake ni sisi, kwa pikipiki, kwa mpira na kwa mbwa wetu. Kunguru humalizia kazi tuliyoianza.

Wenzetu wa Afrika Kusini wanaye ndege mweusi mwenye mdomo mwekundu, mla kome, ambaye huatamia wakati ule ule wa likizo ya Desemba, watu wanapojaa ufukweni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndege hao walikadiriwa kuwa chini ya 5,000. Mwaka 2002 marufuku ya kuendesha magari ufukweni ilianza kutumika. Idadi yao ikapanda, na mwaka 2017 wakaondolewa katika orodha ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Ni kweli kwamba kome wa kigeni walioenea huko waliwaongezea chakula, lakini chakula hakimfai kinda aliyekwisha kanyagwa na gurudumu.

Najua wako watakaouliza kama ndege ni bora kuliko mvuvi. La hasha. Simwombi mvuvi ahame ufukweni. Naziomba serikali za vijiji zitenge vipande vidogo katika miezi ya kutaga tu, pikipiki na magari yasipite hapo, mbwa wafungwe, na matumbo ya samaki yafukiwe. Wavuvi wanaotua Fungu Mbaraka, kisiwa ambacho ndege wa baharini huzaliana kwa wingi, wasiokote mayai.

Hayo yote hayangoji mfadhili wala fedha za kigeni. Yanangoja mkutano mmoja wa kijiji na watu wa kuyasimamia.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Pwani.